Gari la Kushukia Mlima

Picha ya karavani iliingia kwenye simu saa mbili usiku. Mwandishi wa makala haya alikuwa kwa mama yake mjini Same, umeme umekatika, sahani ya makande ipo mapajani. Ilionekana nyumba nyeupe ya magurudumu mawili, yenye madirisha ya plastiki na pazia la maua, imeegeshwa kwenye majani mabichi ya Uingereza. Chini yake shemeji yake, mume wa dada yake, aliyeishi Leicester kwa zaidi ya miaka 20, alikuwa ameandika: "Shemeji, hii naileta nyumbani kwa meli. Nitastaafu nayo. Nitalala Mkomazi, nitalala Mbaga, nitalala Usangi. Wewe nitafutie gari la kuivuta tu. Noah itatosha?"

Mwandishi aliweka kijiko chini.

Si swali ambalo Same imelizoea. Hapa mtu akitaka gari huulizia magunia mangapi litabeba, litakunywa mafuta kiasi gani, na kama vipuri vyake vinapatikana Moshi au ni mpaka Dar es Salaam. Karavani huonekana mara mojamoja kwenye barabara kuu, ikivutwa na watalii waliotoka Afrika Kusini na wanaokwenda zao Arusha. Tela, kwa upande mwingine, ni jambo la kila siku: la trekta kwenye mashamba ya mkonge, la powertila kwenye mpunga wa Ndungu, la gari dogo lililochomelewa gereji. Na karavani, ukiiondolea pazia la maua, ni tela.

Alianza kuandika jibu, akafuta. Akaanza tena, akafuta. Kila akijaribu kutaja jina la gari, kilichomjia ni kishikio kimoja chenye kichwa chekundu ambacho alikuwa hajakifikiria kwa miaka mingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa mtoto wa shule ya msingi Mbaga, usafiri wa kushukia Same ulikuwa Land Rover 109, ile ndefu yenye turubai nyuma. Hiyo 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, lakini watoto waliamini kwamba ni idadi ya abiria, na siku za mnada ilikuwa vigumu kuwapinga. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 haikufikisha nguvu farasi 80. Gari dogo la saluni la leo linaizidi. Isitoshe, miaka ile mafuta yalikuwa ya shida hata magari binafsi yakapigwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, kwa hiyo dereva wa Land Rover ile hakuwa mtu wa kuchezea hata tone.

Siku moja mtoto yule alipata bahati ya kukaa mbele, katikati, magoti yake yakigusana na vishikio. Kulikuwa na kirefu cha gia, kifupi chenye kichwa chekundu, na kingine cha njano. Juu kabisa, kabla barabara haijaanza kuinama, dereva alisimama. Alisimama hasa, mpaka vumbi lililokuwa likiwafuata likawafikia na kuwapita. Utingo akaruka, akasukuma gogo mbele ya tairi. Dereva akavuta kishikio chekundu kuja nyuma, akaingiza gia ya pili, akapiga honi. Utingo akatoa gogo, akadandia. Gari likaanza kuteremka likiguna, taratibu, kama mzee anayeshuka ngazi na mkongojo wake. Mguu wa kulia wa dereva ulikuwa umetulia sakafuni. Ulikuwa na kandambili, na kwa dakika nyingi haukugusa kitu.

Mtoto aliuliza kwa nini hawaendi mbio na njia yenyewe inashuka.

"Gari likishindwa kupanda, linasimama," dereva alisema bila kugeuka. "Likishindwa kushuka, unatafutiwa mti wa kulisimamisha."

Kishikio kile chekundu kilikuwa cha sanduku la pili la gia, ambalo hupunguza mwendo wa magurudumu na kuifanya injini yenyewe iwe breki. Magari ya leo yanayolibeba huandikwa L4 karibu na gia, na madereva wengi wa mjini hufa hawajawahi kuigusa. Hawana lawama. Matangazo ya magari, tangu yaanze, huonyesha gari likitazama juu: linapasua tope, linapanda mwamba, linafika kileleni jua linachomoza. Tangazo la gari linaloshuka ni nadra kuliona. Milima ya Upare, ambayo kilele chake cha Shengena kina mita 2,462 huku Same ikiwa chini ya mita 1,000, ingefaa sana kutengenezea tangazo la namna hiyo.

Waliojenga reli kutoka Tanga waliyaelewa haya mapema. Wajerumani walipitisha njia yao tambarare, chini ya milima, ikatambaa na bonde mpaka Moshi mwaka 1911 bila kuugusa mlima. Kabla yao, misafara ya karne ya 19 kutoka Pangani ilifanya vivyo hivyo, ikipumzika Gonja na Kisiwani. Jambo la kuchekesha ni kwamba karavani, neno la Kiajemi lililozunguka Ulaya likarudi na pazia la maua, maana yake ya kwanza ni huohuo msafara. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi. Karavani ya shemeji, kwa mujibu wa kibandiko alichokipiga picha, inaruhusiwa uzito wa kilo 1,400: wapagazi 46 na ushee, na wote wamefungwa kwenye chuma kimoja nyuma ya gari.

Somo la pili lilikuja mwaka 1992, kwenye shamba la mkonge chini ya milima, ambako mwandishi aliajiriwa kuwa karani wa kuandika matela yanayoingia. Trekta lilikuwa Massey Ferguson 135, mashine ya nguvu farasi 45 hivi na uzito wa tani moja na nusu. Nyuma yake tela la majani mabichi ya mkonge, lenye uzito zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwenye njia za shamba, zilizonyooka kama rula, kidogo kilivuta kikubwa asubuhi mpaka jioni na hakuna aliyeshangaa. Mwandishi mwenyewe aliamini kwamba kama kitu kinavutika, basi kinawezekana.

Kulikuwa na korongo moja tu, la kushuka hatua kama 40 na kupanda tena. Siku moja baada ya manyunyu, dereva kijana aliweka nyutro ili aokoe dizeli, jambo ambalo kila dereva pale alilifanya na msimamizi alilifumbia macho. Tela halikuwa na breki. Hakuna tela la shamba lile lililokuwa nayo. Likaanza kulisukuma trekta, kwanza kwa upole, halafu likalipita ubavuni, na vyote viwili vikajikunja kama kisu cha mfukoni. Dereva aliruka akaumia kiwiko. Mwandishi alifika akikimbia, daftari mkononi, akakuta trekta limetazama lilikotoka, injini bado inanguruma, na majani ya mkonge yamelijaza korongo.

Yeye ndiye aliyeandika ripoti. Sababu: uzembe wa dereva. Fomu ilikuwa na nafasi ya uzito wa tela, na aliiacha wazi kwa sababu hakuna aliyeulizia. Kijana yule alikatwa mshahara. Mpaka leo mwandishi hujiuliza ingekuwaje kama ile nafasi ingejazwa, maana tarakimu mbili pale, tani moja na nusu mbele na tatu na zaidi nyuma, zingesema kitu ambacho neno uzembe lilikifunika.

Kuna watu wanaozijaza nafasi kama zile kwa dini kabisa, na mwandishi alikutana nao mwaka 2006 alipokwenda Leicester kumsalimu dada yake. Jirani wao, mzee aliyestaafu udereva wa basi, alikuwa na karavani na aliwaalika waende naye pwani ya Wales. Shemeji alikuwa na leseni lakini hakuruhusiwa kushika usukani. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, aliyefaulu mtihani wa udereva kuanzia Januari 1997 alitakiwa afanye mtihani mwingine kabla ya kuvuta tela zito. Kikwazo hicho kiliondolewa Desemba 2021. Lakini ndoto ya shemeji ilianza kwenye safari ile ya 2006, na hiyo miaka 15 ya kusubiri haikuipunguza.

Asubuhi ya safari mzee alitoka na mizani ya bafuni. Wageni walidhani anataka kupima mabegi. Aliiweka chini ya pua ya karavani, akasimamisha kipande cha mbao juu yake, akateremsha mkono wa karavani ukakalia mbao, kisha akapiga magoti na miwani yake kusoma. Akatikisa kichwa. Akaingia ndani, akahamisha kreti la maji kutoka nyuma kuja usawa wa magurudumu, akapima tena. Alifanya hivyo mara tatu, kwa utulivu wa mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

Njiani alieleza. Uzito unaokalia ndoano ya gari uwe baina ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa karavani yenyewe. Ukipungua, karavani inacheza mkia. Ukizidi, gari linainua pua na usukani unakuwa mwepesi. Halafu kuna asilimia 85: kwa mtu asiye na uzoefu, karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linaloivuta. Hiyo ni busara ya wavutaji, haimo kwenye sheria, lakini mzee aliitamka kama amri ya Musa. Sheria yenyewe iliwazuia kuzidi maili 60 kwa saa, yaani kilomita 96, na kuingia njia ya tatu ya barabara kuu. Walipitwa na kila kitu, hata basi la watoto wa shule. Karibu na mpaka wa Wales waliona karavani nyingine imelala ubavu kando ya barabara, kuta zake zimepasuka kama boksi la maziwa, na vikombe vimetapakaa kwenye majani. Mzee hakusema neno. Alipunguza maili tano nyingine.

Mwandishi alirudi nyumbani akiwa na hesabu hizo kichwani, akaziweka kwenye kabati la mambo ya Wazungu. Ndivyo tulivyo. Kitu kikitoka ng'ambo tunakisifu, halafu tunaendelea na utaratibu wetu.

Ilibidi tangawizi imkumbushe. Mwaka 2014 yeye na ndugu wawili walijaribu biashara ya kutoa tangawizi Mamba Miamba na kuipeleka Dar es Salaam. Milima ile ya mashariki hutoa tangawizi ambayo kila mwenye duka la viungo anaijua, na barabara zake kila mwenye gari anazijua pia. Ni kwenye miteremko hiyohiyo ambako Novemba 2009 udongo uliporomoka katika kijiji cha Goha ukaua watu zaidi ya 20. Fuso lilikuwa ghali kulikodi kwa mzigo mdogo, hivyo ndugu wakapiga hesabu ya Kipare, ile inayosahau kitu kimoja tu. Walikuwa na Hilux ya kabini mbili. Fundi wa kuchomelea mjini Same, mtu wa ukoo wa wahunzi aliyependa kukumbusha wateja kwamba babu zake waliuza majembe ya chuma mpaka Uchagani, aliwatengenezea tela la ekseli moja. Chuma kilikuwa kizuri. Breki tela halikuwa nazo, na hawakumwomba aziweke.

Kushuka kutoka Mamba walikwenda kwa gia ya kwanza, L4, mwandishi akimkumbuka dereva wa kandambili. Waliteremka salama. Walipofika tambarare walijipongeza, wakanywa soda, wakaingia lami. Na hapo, mahali ambapo mtu hulegeza bega, kati ya Makanya na Hedaru, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, basi la kwenda Dar likawapita kwa kishindo.

Upepo wake ndio uliolianza tela. Likaenda kushoto kidogo, likarudi kulia zaidi, likaenda kushoto tena na sasa mkia wa Hilux nao ukaenda. Kwenye kioo mwandishi aliona magunia, kisha barabara, kisha magunia. Akakanyaga breki. Hilo ndilo lililokuwa kosa lenyewe, maana gari lilipungua mwendo lakini tela halikuwa na habari hiyo. Walitoka nje ya lami, wakapita katikati ya miiba, wakasimama mita chache kabla ya kalavati. Gunia moja lilipasuka na kwa muda harufu ya tangawizi ilikuwa kali kuliko ya raba iliyoungua.

Dereva wa lori lililobeba jasi kutoka Makanya alisimama kuwasaidia. Alilizunguka tela mara moja, akaweka mikono chini ya mkono wake wa chuma, akaunyanyua bila kujikaza. "Mzigo wenu wote uko mkiani," alisema. Vijana wa kupakia walikuwa wameanzia nyuma ili mbele ibaki nafasi ya godoro. Na likianza kucheza, aliongeza, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, uliache lichoke lenyewe, breki usiiguse.

Safari iliyofuata walilipima. Kwenye kituo cha kununulia tangawizi kulikuwa na mizani ya kuning'inizwa, yenye uso kama wa saa, imefungwa kwenye tawi la mwembe. Walisogeza tela chini yake, wakapitisha kamba kwenye pua, wakaiachia. Kwa upakiaji wa zamani mshale ulisoma kilo 8. Tela zima lilikaribia kilo 900. Wakahamisha magunia matatu kuja mbele, mshale ukaenda 55. Wanunuzi na wakulima walikusanyika kutazama watu wanaopima tela badala ya tangawizi, na bibi mmoja akauliza kama na lenyewe linauzwa kwa kilo. Lakini kuanzia siku ile lilikaa nyuma ya gari kimya, kama mtoto aliyeshiba, hata mabasi yalipopita.

Kwa hiyo usiku ule wa makande, Noah ilikataliwa kwa hesabu ya kwenye bahasha. Kilo 1,400 za karavani, kwa asilimia 85, zinadai gari lisilopungua kilo 1,650 hivi. Noah nyingi ziko kwenye 1,500. Tena nyingi kati ya zile mpya huvutwa na magurudumu ya mbele, na ukikalisha kilo 80 za pua ya karavani nyuma kabisa ya gari, unayapunguzia magurudumu hayo uzito yanaouhitaji ili yashike changarawe. Gari litachimba, litanguruma, na mafuta ya gia ya oto yatachemka kabla injini haijalalamika. Noah ni mkombozi wa abiria wa Kilimanjaro na mwandishi hana ugomvi nayo. RAV4, ambayo shemeji aliitaja pili, nyepesi kidogo kwa kazi hii na haina L4. Prado ina L4, na kwa uzito wa tani mbili hivi inaistahimili karavani. Hilux pia, zile mpya zina kibali cha kuvuta mpaka tani tatu na nusu kama tela lina breki.

Lakini aliloandika mwandishi kwenye simu, chaji ikiwa asilimia 9, lilikuwa Land Cruiser Hardtop, ile ya hospitali na mapadri. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2, isiyo na taabo, haina haraka ya kwenda popote. Kwa kuwa haina taabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, na wanaopenda mwendo huicheka. Acha waicheke. Ni nzito, imejengwa juu ya chasisi, gia zake ni za manyuo, na kila fundi kati ya Tanga na Arusha ameshaifungua akaifunga. Kwenye mteremko wa asilimia 12 karavani ya kilo 1,400 inakusukuma mgongoni kwa uzito wa kilo 168, mifuko mitatu ya saruji na theluthi ya wa nne juu yake, na haichoki. Gari la kununua ni lile linaloweza kuukalia msukumo huo kwa nusu saa bila mtu kugusa breki.

Shemeji alijibu baada ya dakika moja: "Hardtop haina kiyoyozi kizuri."

Alifika miezi miwili baadaye, karavani ikiwa bado baharini, akanunua Hardtop yenye kiyoyozi cha wastani. Katika mazungumzo ya barazani mambo mengine yalijitokeza. Mlango wa karavani ya Kiingereza uko kushoto, upande wa kingo ya barabara, na kwa kuwa nasi tunaendesha kushoto, hapo bahati ilikuwa yetu. Angenunua Ujerumani angeshukia katikati ya malori. Matundu ya hewa yaliyo sakafuni, yaliyowekwa ili gesi ya kupikia ikivuja itoke, yatakaribisha vumbi lote la Kisiwani kuja kulala kitandani. Na matuta! Kila kijiji cha barabara kuu kina matuta yake, na karavani ina mkia mrefu na tumbo la chini. Shemeji alidhani matuta ni jambo la kupunguza mwendo. Mwandishi alimpeleka na futi ya kupimia, wakachuchumaa wawili kando ya barabara, madereva wa bodaboda wakiwaona wamechanganyikiwa.

Kabla ya karavani kufika waliamua kufanya majaribio. Waliazima tela kwa mkandarasi, lenye breki za kujifunga zenyewe kama zile za karavani: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, chuma cha puani kinaingia ndani na kuvuta waya wa breki. Wakalipakia mifuko 20 ya saruji na mchanga mpaka wakakaribia kilo 1,400, wakapima pua kwa mizani ileile ya tangawizi, wakapanda barabara ya Mbaga. Kupanda hakukuwa na habari. Kona ndizo zilizokuwa na habari, maana mbili kati yake walizipita kwa kurudi nyuma na kwenda mbele kama mshono, na karavani ingekuwa ndefu zaidi.

Juu, barabara ilipoanza kuinama, shemeji alisimama. Hakuna aliyemwambia. Alisubiri vumbi lipite, akashusha kishikio mpaka L4, akaingiza ya pili, akaachia klachi. Gari likashuka likiguna. Mwandishi alitazama mguu wake: kiatu cha ngozi cha Kiingereza, kimetulia sakafuni.

Chini walishuka kukagua. Mwandishi aliweka kiganja kwenye rimu ya Hardtop, ikawa vuguvugu, kama kikombe kilichosahaulika mezani. Akacheka, akaenda kwenye gurudumu la tela, akaweka kiganja, akakiondoa kwa kelele. Hawakulifikiria hilo. Kila injini ilipozuia gari, tela nalo lilisukuma mbele, na chuma cha puani kikawa kimefunga breki za tela njia nzima, bila kupumzika. Harufu ndiyo kwanza ilikuwa inafika.

Shemeji alitaka kumwagia maji. Mwandishi alimshika mkono. Chuma cha moto namna ile hakimwagiwi maji, kinaweza kupasuka. Wakatega mawe kwenye matairi, wakakaa chini ya mgunga, na shemeji akatoa simu kumpigia mama mkwe Same amwambie wasisubiriwe chakula cha mchana. Kisha akanyamaza kidogo, akitazama barabara waliyotoka.

"Hivi pale Zange, getini Mkomazi," aliuliza, "kuna mteremko?"